Grupe mbali, mikro karibu

Kwa ndoa moja mwezi uliopita, mwenzetu mmoja alinicheka mbele ya watu: "Wewe injenia wa mashamba, sasa uko unafungua ma-kompyuta?" Nilicheka pamoja naye, ila sikujibu. Jibu ni refu, na muziki wa pale ulikuwa juu. Leo nalileta hapa, na ninaomba uvumilivu, juu linaanzia mbali kidogo.

Mwaka wa 2019 nilikuwa natayarisha kazi yangu ya mwisho juu ya maharagi, ile ya kupanda kwa vijiti, huku kwetu Rutshuru. Koko yangu, mama ya baba, alikuwa anajua mbegu ambazo hazikuwa tena sokoni. Kila mbegu ilikuwa na jina lake, mwezi wake wa kupandwa, na mara ingine wimbo wa kuipukuchua. Nikaazima kompyuta na mikro, tukaketi naye ndani ya nyumba ya Mabungo, saa sita za mchana, mabati yakiwaka jua. Kompyuta niliiweka juu ya meza ileile, mbele ya mikro. Tuliongea saa moja na dakika kumi.

Siku ya kuandika yale maneno, nikavaa ekutere masikioni. Dakika za kwanza ziko sawa. Kisha mashini inaanza kupata moto, na vantilateri yake (wenzetu wa Tanzania wanasemaka feni) inapanda: vuuuu. Koko alikuwa na zoezi la kushusha sauti akifika kwenye neno analoliheshimu. Kwa hiyo njo pale pale, kwenye majina, sauti yake ilishuka wakati mashini ilikuwa inapanda. Majina mawili sikuyasikia. Nilijiambia nitarudi kumuuliza. Ilikuja mitihani, ikaja korona, na 2021 koko akatuacha.

Nilijaribu kuondoa ile kelele kwa Audacity, programu ya bure iliyoko tangu mwaka wa 2000. Unaionyesha sehemu ya kelele tupu, nayo inajifunza sura ya hiyo kelele na kuipunguza kila mahali. Kelele ikipungua na sauti ya mtu inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo ya maji. Juu masafa ya ule upepo na masafa ya koko akinong'ona ni yaleyale. Ukikata kimoja unakata na kingine. Hapo njo nilianza kutafuta: waliotangulia walifanyaje?

Na nikakuta kitu kilichonikasirisha kidogo. Mwaka wa 1952, miaka karibu 70 mbele ya mimi na kompyuta yangu, mzungu mmoja alipita na gari katika Congo ya Wabelgiji, Rwanda na Urundi, akachukua sauti za watu, na sauti zile ni safi kuliko za kwangu. Jina lake Hugh Tracey, mzaliwa wa Uingereza mwaka wa 1903, aliyeishi kusini mwa Afrika. Katika safari hiyo alirekodi Wabudu, Wambuti, Wabira, na Wanande pia, pembeni ya msitu wa Ituri. Rwanda alirekodi muziki wa nyumba ya mwami. Huko Katanga, kwa mji wa Jadotville ambao leo ni Likasi, alikutana na kijana wa gitare, Jean-Bosco Mwenda, akachukua wimbo wake "Masanga", na huo wimbo ukamfanya Mwenda ajulikane mbali sana. Mwaka wa 1954 Tracey akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Sahani alizotoa zinapita 200.

Mnaweza kusema mengi juu yake, na mimi pia. Alisafiri kwa ruhusa ya wakoloni, na sauti za mababu zetu zimelala karibu na bahari ambayo wao hawakuiona. Ila leo niachie upande huo. Mimi nilitaka kujua ile usafi ilitoka wapi.

Mashini za zamani kabisa hazikuwa na shida ya motere. Fonografu ya Edison ya 1877 ilizungushwa kwa mkono: unaongea ndani ya pembe, sindano inachimba. Haikuwa na umeme wala moto wowote wa kupoza, lakini ilisikia vibaya. Kisha ikaja tepu ya sumaku, ambayo Wajerumani waliionyesha mwaka wa 1935, na kisha ya vita ikaenea dunia nzima. Tepu ilisikia vizuri sana. Lakini tepu inataka umeme, na porini mwaka wa 1952 umeme maana yake ni grupe. Sasa fikirini: ulileta mashini yenye masikio makali, na ili ifanye kazi lazima uwashe kando yake kitu chenye kelele kuliko yote kijijini.

Jibu la Tracey lilikuwa la mtu wa kawaida. Grupe aliiweka mbali, akavuta waya ndefu. Kisha mikro aliishika yeye mwenyewe mkononi. Kwenye picha zake nyingi utamuona vile, amesimama katikati ya wachezaji, anaisogeza kwa yule anayeimba, kisha kwa ngoma, kisha anarudi. Grupe mbali, mikro karibu. Hakuna siri ingine.

Na hesabu iko upande wake. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, sauti inashuka kwa desibeli 6 hivi. Ukisogea nusu ya umbali, inapanda 6. Kwa hiyo mtu aliyetoa mikro kwa sentimita 80 akaileta kwa 20 amepata desibeli 12 bila kulipa hata franka. Mimi na koko tulifanya kinyume kabisa: mikro katikati ya meza, koko mbali kwa heshima, mashini karibu.

Sisi wa Kiwanja tunapaswa kuelewa haya kuliko wengine, juu tulikomalia ndani ya sauti ya grupe. Mbele ya umeme wa Matebe, ile santrale ya mto Rutshuru iliyozinduliwa mwisho wa 2015 na inayotoa megawati zaidi ya 13, kila saluni, kila kinu, kila kanisa lenye gitare lilikuwa na grupe yake nyuma. Tafuteni video za ndoa za wakati ule. Baba mkubwa anatoa baraka, na chini yake kuna tutututu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hatukuisikia tena, masikio yalizoea. Mikro haizoeagi.

Basi umeme wa maji ulifika (siku unapokuwapo, na miaka hii mnaijua wenyewe) na tukadhani kelele imekwisha. Kumbe grupe iliingia ndani ya boksi ya kompyuta.

Hii njo sehemu ya historia ambayo sikufundishwa. Kompyuta haifanyi kazi kama jembe, kwamba nguvu inaingia na inatoka kama mtaro. Umeme wote unaoingia ndani ya prosesa unatoka kama joto. Ikila wati 80, ni wati 80 za joto, sawa na balbu kubwa ya zamani, kwenye kipande kisichozidi ukucha mbili tatu. Hilo joto likikaa, mashini inazimika au inaharibika. Lazima hewa ipite, na hewa inayosukumwa inalia. Kelele ya kompyuta ni bei ya joto lake.

Apple, wale wa Marekani, waliliona hili mapema na wakagawanyika na wengine. Apple II ya 1977 haikuwa na vantilateri, juu mtu aitwaye Rod Holt aliitengenezea alimantasio isiyopoteza nguvu nyingi kwa joto. Hapo walifaulu. IBM walipotoa kompyuta yao mwezi wa 8 mwaka wa 1981, wao waliweka vantilateri ndani ya alimantasio, na dunia ya kompyuta za kazi ikafuata njia hiyo. Lakini Apple walijaribu tena na Apple III ya 1980, bila vantilateri, ikiwa na vitu vingi vimefinyana ndani. Joto likafanya vipande vitoke polepole kwenye mashimo yao. Ushauri waliopewa wateja ulikuwa huu, na sifanyi mzaha: inua mashini kidogo juu ya meza, kisha iachie ianguke, labda vipande vitarudi mahali pake. Mkumbuke hii Apple III, tutarudi kwake, juu nilifanya kosa lake.

Kwa watu wa muziki, bahati ilikuja mwaka wa 1985 na Atari ST. Ilikuwa kompyuta ya bei ya watu wadogo, iliyo kimya, na ilitoka kiwandani na matundu ya kuunganisha vinanda. Programu Cubase ilizaliwa juu yake mwaka wa 1989. Ila Atari ilikuwa inaongoza vinanda tu, haikuwa inabeba sauti yenyewe ya mtu. Kubeba sauti kulitaka diski ngumu na nguvu; Pro Tools ya 1991 ilifungua mlango huo. Diski ngumu ni sahani zinazozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika. Zinalia kama mbu. Nguvu nayo ikaleta joto, joto likaleta upepo.

Studio zenye pesa zilifanya nini? Walijenga chumba kingine cha mashini, wakapitisha waya ndani ya ukuta. Miaka 40 kisha ya Tracey, na wenyewe wakarudi kwenye waya ndefu! Sisi wa nyumbani tulibaki na boksi chini ya meza.

Mbio zilifika mwisho wake mwaka wa 2004. Intel walikuwa wanauza prosesa Pentium 4, kila mwaka na mwendo zaidi, na ile ya gigahezi 3.8 ilipangiwa wati 115 za joto. Waliahidi ya gigahezi 4, kisha mwezi wa 10 mwaka huohuo wakaifuta. Joto liliwashinda. Mwaka wa 2006 wakageuza njia na Core 2 Duo: mwendo mdogo, vichwa viwili, wati 65 kwa nyingi zake. Kwa mimi, huo ni mwaka mkubwa kwa historia ya sauti za nyumbani kuliko miaka mingi ya mikro, juu tangu hapo mtu anaweza kupata kazi nyingi kwa joto kidogo. Na zile kompyuta zilizofuata, za ofisi za Ulaya, njo zinazofika Birere leo zimepangwa kama viatu.

Basi nikashuka Goma, nikaingia Birere. Nilichukua boksi moja ya ofisi ya miaka ya 2013–2014 kwa dola 110, bila skrini. Ndani kulikuwa na Core i5 ya wati 84. Muuzaji alikuwa na ingine, kutoka kwa mashini ndogo iliyovunjika, jina karibu lilelile ila mwisho wake herufi T: wati 35. Dola 25. Alinishangaa vile nalipa ili niwe na mashini ya polepole. Nilimwambia: kaka, sauti ya mtu mmoja anayeongea haitaki nguvu ya mchezo wa vita. Nikatoa karte ya picha, ambayo ilikuwa na kavantilateri kake kadogo kanakolia kuliko yote. Nikatoa diski ya kuzunguka, nikaweka SSD, ambayo haina kitu kinachotembea ndani.

Kisha nikaharibu. Nilifunika boksi kwa mosi ya godoro na blanketi juu, nikijua kelele itabaki ndani. Ilibaki kweli, pamoja na joto. Dakika 20 mashini ikazimika katikati ya kwaya ya watoto. Nilikuwa nimejenga Apple III yangu mwenyewe. Mosi haina kazi pale. Joto likikataliwa mlango, linavunja nyumba.

Njia ya kweli ni vantilateri kubwa inayozunguka polepole. Angalieni hesabu: hewa inayopita inafuata mwendo, lakini pia upana mara tatu kwa wenyewe. Kwa hiyo vantilateri ya milimita 120 ikizunguka mara 740 hivi kwa dakika inapitisha hewa karibu sawa na ya milimita 80 yenye kuzunguka mara 2500, kama umbo ni moja. Na kelele inashuka vibaya sana na mwendo: ukikata mwendo nusu, unapoteza desibeli karibu 15. Nilitoa ile ndogo, nikafunga kubwa, nikailisha volti 7 kwa nafasi ya 12. Skurubu za chuma nilizitoa, juu chuma kinapitisha mtetemo kwa boksi yote na boksi inakuwa ngoma. Nilikata vipande vya mpira wa tairi kuukuu, mafundi wa chukudu wanajua kuutumia kuliko sisi, nikafunga navyo.

Ikabaki sauti moja ya chini, mmmm, hata vantilateri ikizimwa. Hiyo haikuwa hewa. Ni umeme wetu wa mara 50 kwa sekunde unaoingia ndani ya waya za mikro, juu nyumba haikuwa na waya wa kwenda udongoni. Hapa mwenzangu aliyecheka kwenye ndoa anyamaze kidogo, juu agronomi ilifanya kazi: udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, udongo wenye maji na chumvi unapitisha. Nilimuita fundi wa umeme, chuma tukakisimika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali maji ya kuosha vyombo yanamwagika kila siku. Ile mmmm ikaondoka karibu yote.

Na mwisho, Tracey. Waya ya USB 2.0 inaruhusiwa mita 5. Nilitoboa tundu kwenye ukuta wa depo ambamo tunaweka magunia ya maharagi, nikaweka mashini huko ndani, nyuma ya magunia. Magunia yaliyojaa yananyonya kelele vizuri. Wale wanaobandika vibeba mayai ukutani wajue havizuii kitu, labda mwangwi mdogo. Mdogo wangu anaketi depo na ekutere masikioni. Akisikia kitu kibaya anavuta kamba niliyofunga kwa mkono wangu. Watu wa avenyu wanasema tunavua samaki.

Najua kuna wenye kusema simu inatosha, haina vantilateri. Wako na haki nusu. Simu ni kimya, na kama huna kingine, irekodi tu leo, usingoje. Lakini simu nyingi zinaongeza nguvu zenyewe mtu akinyamaza, basi kila kimya kinajaa kuku na pikipiki. Na saa nyingi za maongezi hazikatwi vizuri kwa kidole. Mvua, kwa hiyo, hakuna mashini inayoishinda: ikianza kwenye mabati tunakunywa chai.

Mwaka wa 1933 wakoloni walianzisha INEAC, na mbegu za nchi hii ziliingia kwenye vitabu vya utafiti. Miaka 19 kisha yake Tracey akaja kuchukua nyimbo. Koko alikuwa anaimba ili asisahau mbegu; kwake vile vitu viwili vilikuwa kimoja.

Mwezi wa pili nilimuita mama mzee mmoja wa avenyu ya nyuma, rafiki ya koko tangu usichana wao. Mikro kwa sentimita 20, kimya mpaka nikasikia anavyovuta pumzi. Tulipomaliza mbegu zake, nilimvalisha ekutere, nikampigia ile ya 2019, yenye upepo wake wote. Alicheka akisikia sauti. Kisha nikafika kwenye dakika ya 48, jina la kwanza nisilolisikia. Aliniambia nirudishe. Nikarudisha. Akalisema bila kufikiri, kama mtu anayeitwa na rafiki yake toka ng'ambo ya mto, na akaongeza kwamba lile ni la maharagi madogo meusi yenye doa jeupe, yanayopandwa nyuma ya mahindi.

La pili alilisikiliza mara nne. Alifunga macho. Akasema: "Hapa alikuwa ananikumbuka mimi, maana hiyo mbegu ni mimi nilimpatia. Ila jina lake mutoto wangu, nalitafuta." Mdogo wangu alivuta kamba mara mbili: bado tunarekodi. Nimemuacha anatafuta. Jumamosi narudi kwake, nimeshapeleka mikro.